Papai, Kichocho na TND: Kweli na Uongo Kuhusu Wingi wa Virusi

Zamani kidogo, wawili wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi (ARV) wakikutana kwenye benchi la CTC, kliniki ya dawa hizo, waliulizana CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga. Siku hizi wanaulizana, "HVL yako imerudi?" Anayeulizwa hutaja namba, au hutaja herufi tatu, TND, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Hapa Nyamagana, jijini Mwanza, nimezisikia herufi hizo Igogo, nimezisikia Mkolani, na siku moja ndani ya daladala ya Buhongwa mama mmoja alizitamka kwenye simu bila kushusha sauti. Miaka 20 iliyopita asingethubutu.

HVL ni kipimo cha wingi wa virusi vya Ukimwi (VVU) kwenye damu. Namba inayoandikwa kwenye karatasi ni idadi ya nakala za vinasaba vya kirusi katika mililita moja ya plazima, yale maji ya manjano yanayobaki juu chembe za damu zikishazungushwa na kutuama chini. Kwa anayetumia dawa, namba hiyo inajibu swali moja tu: je, dawa inafanya kazi? Ila mitaani imebebeshwa maswali mengine mengi, na hadithi zake ni nyingi kama dagaa wa Kirumba. Nimeokota chache.

"Mashine ni ileile iliyosema papai lina korona."

SI KWELI, ingawa anayeuliza hakosei kuuliza.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, upande wa pili wa ziwa letu, Rais John Magufuli alisema sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa kwenye maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya korona. Tangu siku hiyo mashine yoyote inayotumia PCR, njia ya kipimo cha korona na cha HVL pia, imebaki na doa. Anayetaka kukataa majibu yake ya HVL hupata pa kushika.

Basi tuifungue hiyo PCR. Virusi vya Ukimwi hubeba RNA, kwa hiyo kimeng'enya kimoja kwanza huigeuza kuwa DNA. Kisha mashine hurudufu kipande kimoja maalumu cha kirusi: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, vinne vinane. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kimezaa zaidi ya bilioni moja. Kila mzunguko mashine hutazama mwanga unaotolewa na vipande hivyo, na siri ya kuhesabu imo hapo, kwenye kujua mwanga ulionekana mzunguko wa ngapi. Watu wa ziwani tunalielewa hili kwa magugumaji. Yanaongezeka maradufu kila baada ya muda fulani. Ukiona ghuba imefunikwa mapema, unajua yalianza mengi. Ikichelewa kufunikwa, yalianza machache. Damu yenye virusi lukuki huwaka mapema, yenye vichache huchelewa, na mashine hulinganisha na sampuli ambazo idadi yake inajulikana.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema aliyebuni PCR mwenyewe, Kary Mullis, aliikana. Ni kweli Mullis, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alikuwa na maneno ya ajabu kuhusu Ukimwi hadi alipofariki mwaka 2019. Lakini PCR aliyoibuni miaka ya 1980 ilikuwa ya kurudufu tu. Ile ya kutazama mwanga mzunguko kwa mzunguko ilikuja miaka ya 1990 kwa kazi ya watu wengine, akiwamo Russell Higuchi. Aliyetengeneza ngoma si lazima awe ndiye anayejua kuicheza.

Na kuhusu papai: kuipelekea maabara sampuli ya siri ili kuipima uaminifu ni jambo la kawaida kabisa, maabara zinazopima HVL hupelekewa mara kwa mara. Tofauti ni kwamba sampuli hizo huwa za plazima, na anayezituma anajua ndani kuna nini. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya binadamu hakijawahi kuthibitishwa kwenye juisi ya tunda, kwa hiyo jibu lake huko, liwe lolote, halikuambii kitu kuhusu binadamu. Tena kila mashine inapowashwa huwekewa sampuli isiyo na kirusi kabisa na nyingine yenye kirusi kwa makusudi. Moja ikikosea, majibu ya kundi zima hayatolewi.

"Virusi vilikuwa vimelala, ndiyo maana sikuugua miaka kumi."

SI KWELI. Hii hata madaktari waliiamini. Mtu aliambukizwa, akakaa miaka na afya yake, ikaonekana kirusi kimejilalia mahali. Januari 1995 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la David Ho na jingine la George Shaw, yaliwapa wagonjwa dawa mpya na kupima virusi kwenye damu siku baada ya siku. Namba ziliporomoka kwa kasi ambayo isingewezekana kama virusi vilikuwa vimelala. Hesabu iliyofuata mwaka 1996 ilionyesha kwamba katika mwili wa mtu asiyetumia dawa huzaliwa virusi takriban bilioni 10 kwa siku, na karibu idadi ileile huangamizwa. Hiyo si amani, ni vita ya kila siku ambayo mwili unashindwa polepole. Mwaka huohuo John Mellors wa Pittsburgh alitumia damu iliyohifadhiwa kwenye majokofu kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba mwenye virusi vingi mwanzoni ndiye aliyeugua na kufa mapema. Namba ya HVL ikawa imepata kazi.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, wakati ugonjwa ukiitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa kwenye mtindo. Waliougua mwaka ule walikuwa wamebeba vita hiyo kwa miaka kadhaa, na hapakuwa na chombo cha kuihesabu.

"Nimeandikiwa TND, nimepona."

SI KWELI, na hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote.

TND ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kwamba mashine haikuona ilichokitafuta. Haikuona. Kila mashine ina mwisho wa macho yake: nyingine huona hadi nakala 20 kwa mililita, nyingine 40. Sampuli ya tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ina damu kidogo, na huko macho hufifia zaidi, hadi mamia ya nakala. Chini ya hapo virusi vinaweza kuwapo na mashine isivione.

La pili ni kubwa zaidi. Kirusi hiki hujichomeka ndani ya vinasaba vya chembe hai za kinga, na baadhi ya chembe hizo huishi miaka na mikaka zikiwa kimya. Hapo ndipo neno "kulala" lina haki yake. Dawa huzuia kirusi kuzaliana, haiwezi kukifukua kilichojichimbia, na HVL hupima kinachoelea kwenye damu. Ukiacha dawa, kwa watu wengi namba hurudi ndani ya wiki chache. Mwaka 2013 ulimwengu ulishangilia mtoto wa Mississippi aliyeanzishiwa dawa takriban saa 30 baada ya kuzaliwa, kisha akakaa bila dawa na bila kirusi kuonekana. Alimaliza miezi 27 hivyo, kirusi kikarudi mwaka 2014.

Sisi tulikuwa na kikombe cha Babu. Mwaka 2011 magari kutoka kila kona ya nchi, Mwanza ikiwamo, yalipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Wapo waliorudi wakiwa na nguvu na kuacha dawa. Sitaki kumcheka mtu aliyepanda lile gari. Ukiwa mgonjwa na jirani anakuambia amepona, utakwenda. Ila kujisikia vizuri na kuwa na virusi vichache ni mambo mawili, na mwaka ule wengi hawakuwa na njia ya kupima la pili. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuja kupendekeza HVL iwe kipimo kikuu cha kufuatilia dawa mwaka 2013.

Humohumo kuna kihadithi kidogo: mwenye TND huenda kupima kwa kipimo cha haraka, kinamwonyesha mistari miwili, anasema kimojawapo kinadanganya. Hakuna kinachodanganya. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani alama za miguu ya kirusi, nazo hubaki hata kirusi kikiwa hakionekani.

"Asiyeonekana virusi haambukizi."

KWELI. Na sehemu kubwa ya ukweli huu ilitoka kwenye ukingo wa ziwa hilihili.

Rakai ni wilaya ya Uganda inayopakana na Kagera. Miaka ya 1990 watafiti wa Makerere na wenzao wa Marekani, wakiwamo Nelson Sewankambo, David Serwadda, Maria Wawer na Ronald Gray, walikusanya damu vijijini kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya zinaa. Thomas Quinn na timu hiyo wakairudia damu iliyogandishwa, wakachambua jozi 415 za wenza ambao mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana. Katika muda wa hadi miezi 30, 90 kati ya wale wasiokuwa navyo walikuwa wameambukizwa. Walipopanga matokeo kwa HVL ya mwenye virusi, ngazi ilijichora yenyewe: kila namba ilipozidi mara kumi, kasi ya kuambukiza ilipanda karibu mara mbili na nusu. Kati ya 51 waliokuwa na nakala chini ya 1,500, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenza wake. Ilichapishwa mwaka 2000.

Lazima niseme upande wa pili wa damu ile. Watu wa Rakai wakati ule hawakuwa na dawa za kufubaza virusi; hazikufika kwao. Walipewa ushauri na kondomu, na kumwambia mwenza kulibaki mikononi mwa mwenye virusi. Mhariri wa jarida lililochapisha utafiti, Marcia Angell, aliandika katika toleo lilelile akihoji kama ingekubalika kwao Marekani kuwatazama watu namna hiyo. Mimi naona alihoji jambo la haki, na naona pia kwamba kila mwanandoa wa Nyamagana anayelala leo bila hofu anadaiwa shukrani na zile jozi 415.

Yaliyofuata yaliimarisha. Utafiti uitwao HPTN 052, uliokuwa na jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi ndani ya ndoa kwa asilimia 96. Huko Ulaya utafiti wa PARTNER ulihesabu wenza waliojamiiana bila kondomu maelfu kwa maelfu ya mara huku mmoja akiwa amefubaza virusi. Walioambukizwa na wenza wao hao walikuwa sifuri. Julai 2023 WHO ikasema wazi: asiyeonekana virusi hana hatari ya kumwambukiza mwenza wake kwa kujamiiana, na mwenye nakala 1,000 au chini yake hatari yake ni karibu na sifuri. Washauri wetu wana kauli yao: kutogundulika ni sawa na kutoambukiza.

Mipaka yake ni mitatu. Inahusu kujamiiana. Kwenye kunyonyesha hatari hushuka mno, lakini haijathibitishwa kuwa imekwisha kabisa, kwa hiyo mtoto bado hupewa kinga yake na kupimwa. Haihusu kaswende wala kisonono. Na inamhusu anayemeza dawa leo, maana karatasi ya mwaka jana ni habari ya mwaka jana.

"Kichocho kinapandisha virusi."

NUSU KWELI, na hii ni ya kwetu hasa.

Kilomita kama 20 mashariki ya jiji, barabara ya Musoma, iko Kisesa, wilaya ya Magu. Tangu mwaka 1994 taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR Mwanza, imekuwa ikifuatilia wakazi wa huko, kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa. Jennifer Downs, daktari wa Weill Cornell ya New York aliyefanya kazi miaka mingi na wenzake wa NIMR na hospitali ya Bugando, aliyarudia matone hayo. Walitafuta mabaki ya minyoo ya kichocho katika damu ya watu kabla hawajaambukizwa VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017: wanawake waliokuwa na kichocho walikuwa na uwezekano wa kupata VVU karibu mara tatu ya wasio nacho. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Na wenye kichocho, walipoambukizwa VVU, walianza na virusi vingi zaidi kwenye damu.

Ukikaa Luchelele au Igombe unajua maana yake. Mama anayechota maji, mtoto anayeoga, mvuvi anayesukuma mtumbwi, wote wanakanyaga maji ya konokono. Kwa hiyo bibi anayesema kichocho na Ukimwi "ni ndugu" hajakosea sana.

Anapokosea ni pale anaposema, basi meza dawa ya kichocho, virusi vitashuka. Dawa ya kichocho inywe kwa sababu kichocho ni ugonjwa. Kinachoshusha HVL ni ARV. Malaria nayo iko hivyohivyo: kwa asiyetumia ARV huweza kupandisha virusi kwa muda, kama ilivyoonekana Malawi, kisha hushuka malaria ikitibiwa.

"Ukizidi 1,000 dawa zimekataa mwili wako."

MARA NYINGI SI KWELI. Kwanza huulizwa dawa zimemezwaje. Mtu amekwenda kisiwani kuvua miezi miwili na kopo la mwezi mmoja, au amezificha mume asione. Ndiyo maana anayepita 1,000 huitwa kwa ushauri wa kina wa ufuasi, kisha hupimwa tena baada ya miezi mitatu hivi, kabla ya kufikiria kubadilisha dawa. Wengi hushuka. Tangu mwaka 2019 nchi imehamia kwenye mchanganyiko wenye dolutegravir, ambayo kirusi hupata taabu kuizoea. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta kwamba kati ya watu wazima waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94 walikuwa wamefubaza virusi.

Na kama ulikuwa 60 ukawa 150, usiuze kiwanja. Kipimo kina mtikisiko wake, damu ina mtikisiko wake, na tofauti isiyofika mara tatu inaweza kuwa mtikisiko mtupu.

"Damu inauzwa."

SI KWELI. Mumiani ni mzee kuliko hospitali zetu, na kila zama humpa gari jipya. Kirija cha HVL, chenye kizibo cha zambarau, huchukua damu isiyozidi kijiko cha chai, na damu hiyo isipozungushwa mapema haifai kitu hata kwa maabara yenyewe. Damu ya utafiti ni jambo tofauti: huombwa kwa fomu, na una haki ya kuuliza inakwenda wapi na kukataa. Damu ya jamii 12 za vijijini Mwanza iliyochukuliwa kati ya 1991 na 1994 ilionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ulimwengu mzima uliisoma. Waliotoa damu wangependa kusomewa pia, nadhani.

"Majibu yakichelewa ujue ni mabaya."

SI KWELI. Yakichelewa, ujue kuna maji katikati. Plazima hutaka baridi njia nzima, na Kanda ya Ziwa ni visiwa. Wa Sengerema walau tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kati ya Mwanza na Ukerewe: kilomita 60 kwa dakika 40, dawa zikienda, na wazo likiwa kwamba sampuli za damu zirudi nayo. Majaribio yalidumu miezi sita. Ndege ikaondoka, na anayengoja HVL yake Nansio, kule Ukerewe, bado anaulizia meli itatia nanga saa ngapi.